Ukurasa wa Saba

Jumatano, wiki ya mwisho ya Agosti. Kitale. Mvua imeanza saa saba mchana na haina haraka ya kwenda popote.

Leo nimejaa dharau. Nasema mapema ili anayetafuta maneno ya kutia moyo akasome blogu nyingine. Naidharau kamati ya nidhamu ya chuo kimoja huko Bungoma. Namdharau naibu mkuu wa chuo hicho, Bwana Wekesa, pamoja na viatu vyake vinavyong'aa. Kuna mtu mwingine pia ninayemdharau kuliko hao wote, lakini huyo nitamfikia polepole kwa sababu ananiumiza.

Kwa asiyenijua, naitwa Wambui na ni fundi wa mitandao ya kompyuta. Nimezaliwa hapa Kitale, shamba letu liko upande wa Kiminini, na ofisi nyingi za Bungoma huniita Madam IT. Kazi yangu ni kuvuta nyaya, kufunga ruta, na kuulizwa kwa nini intaneti iko polepole na watu wanaotazama mpira saa za kazi.

Mwezi wa saba chuo hicho kiliniita kwa swali hilo hilo. Nikaunganisha kompyuta ndogo kwenye swichi yao, kile kisanduku kinachokusanya nyaya zote za mtandao, na kuiacha irekodi kila kitu kinachopita, wiki nzima. Sisi mafundi tunaita kunasa pakiti. Faili ikisafiri kwenye waya haiendi nzima. Hukatwa vipande vidogo, kila kimoja na namba yake, na inakofika vipande huunganishwa tena. Mwenye kurekodi waya anabaki na vipande vyote, na akiwa na subira anaweza kuviunganisha mwenyewe akaipata faili ile ile, herufi kwa herufi.

Akiwa na subira.

Wiki hiyo hiyo mtihani wa afya ya jamii ukavuja. Kurasa sita zilizagaa kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi kabla ya siku ya mtihani. Mkuu wa chuo, mama mwenye sauti ya upole ambaye kila mtu humwita Madam Principal, akanipigia simu akitaka kujua nani alichukua. Nilimweleza kwamba WhatsApp hufunga ujumbe, siwezi kuona ndani yake. Lakini mashine yao ya fotokopi ni kuukuu. Ukiskani karatasi pale, inaituma kwenye kompyuta kwa njia ya kizamani isiyofunika chochote, kama barua iliyotumwa bila bahasha. Hiyo ningeweza kuitafuta.

Nikaitafuta. Au tuseme nilitazama orodha tu. Alhamisi, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi, mashine ilituma faili moja kwa kompyuta yenye anwani inayoishia na arobaini na saba. Nikafungua daftari langu, lile nililoandika mwaka jana nilipofunga mtandao wao. Arobaini na saba: Everlyne, masjala.

Hapo ndipo nilipopaswa kuendelea. Sikuendelea. Nilikuwa na kazi Malakisi, mteja ananipigia kila nusu saa, na tumbo linanguruma. Nikaandika barua ya nusu ukurasa yenye maneno "uchunguzi wa kitaalamu umebaini". Nikagonga muhuri wa biashara yangu na kuituma.

Huku kwetu karatasi ikishagongwa muhuri hakuna anayeisoma tena. Wanatazama muhuri kama uko wima, basi. Nililijua hilo nilipokuwa naugonga, na nafikiri ndiyo sababu niliugonga kwa nguvu.

Kamati ilikuwa ya watu watano na ilimaliza kazi yake kabla ya chai ya saa nne. Everlyne ni karani wa masjala, ameketi kwenye kiti kile miaka kumi na moja, na funguo za kabati la mitihani hukaa kwake. Binti yake Sharon yuko mwaka wa pili katika chuo hicho hicho, na alikuwa anaongoza darasa. Basi kila mtu akaona jambo liko wazi kabisa, mama ameiba na mtoto amefaulu. Everlyne akasimamishwa kazi. Matokeo ya Sharon ya mwaka mzima yakazuiliwa, jina lake likabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na kwa sababu msichana alikuwa na akili kuliko wenzake, wenzake walifurahi. Nilisikia Bwana Wekesa, mmoja wa wale watano, alizungumza kwa uchungu mwingi siku hiyo. Alisema wazazi wa siku hizi ndio wanaoharibu watoto.

Wiki tano zikapita. Mimi nilikuwa naendelea na maisha yangu vizuri tu.

Juzi Jumatatu ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. "Madam, habari ya kazi. Ile file walisema nilichukua, naomba unitumie niione tu. Sijawahi kuiona."

Kwanza nilikasirika. Nikasema moyoni, huyu naye anajifanya. Nikaweka simu chini, nikachukua koleo niendelee kubana waya, na koleo likabaki mkononi. Watu watano walikaa mezani. Madam Principal alitia saini. Mimi niligonga muhuri. Kati yetu sote saba, hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba kuiona faili yenyewe. Aliyeomba wa kwanza ni yule tuliyemsimamisha kazi kwa ajili yake.

Nikabandika chai kwenye jiko la duka langu, nikafungua rekodi.

Nitaeleza nilichofanya, maana ni kazi ndogo na nataka ionekane ilivyo ndogo. Unachuja ile rekodi ubaki na mazungumzo ya mashine ya fotokopi peke yake. Unatafuta mahali inaposema, kwa maandishi ya kawaida kabisa, kwamba sasa inatuma faili. Unafuata mkondo huo. Programu inapanga vipande kwa namba zake, inatupa vile vilivyotumwa mara mbili, inakupa kitu kimoja kirefu. Kichwani pana herufi zinazosema hii ni PDF, na mkiani pana alama ya mwisho wa faili. Ukiona kichwa na ukaona mkia, hakuna kilichopotea njiani.

Mara ya kwanza niliihifadhi kama maandishi, ikaharibika, ikakataa kufunguka. Kosa la mwanagenzi. Nikarudia nikaihifadhi ghafi, vile vile ilivyopita kwenye waya. Ikafunguka.

Chai ilikuwa bado haijachemka. Nilitazama saa ya kompyuta: zimepita dakika kumi na mbili.

Ukurasa wa kwanza hadi wa sita ulikuwa mtihani, ule ule tuliouona kwenye simu za wanafunzi. Lakini faili ilikuwa na kurasa saba.

Ukurasa wa saba ulikuwa kadi ya mwaliko. "Familia ya Bwana na Bibi Wekesa inayo furaha kukualika katika sherehe ya tohara ya mtoto wao mpendwa." Imepinda kidogo kuelekea kushoto, na mstari mweusi umeshuka kutoka juu hadi chini, kwa sababu kioo cha mashine ile kina mkwaruzo ambao nimewaambia mara tatu wautengeneze.

Mwanamume huyu, msimamizi wa mitihani, alibeba mtihani wa siri na kadi ya sherehe ya mwanawe kwenye bahasha moja, akaenda kwenye mashine ya ofisi, akarundika zote kwenye trei, akabonyeza kitufe mara moja. Mashine ikazimeza zote na kuzifanya faili moja. Na kwa nini kadi ya nyumbani iskaniwe ofisini? Kwa sababu hakuna mtu Bungoma wala Kitale anayelipia kuskani kadi mjini wakati ofisi ina mashine. Ratiba za mazishi, kadi za harusi, fomu za shule za watoto, zote hupita pale, na mimi pia nimepitisha zangu. Alipofika kwenye laptop yake akatenganisha kurasa. Sita zikaenda kwa mwanafunzi, moja ikaenda kwa wageni. Hakuwaza kwamba waya uliziona zikiwa pamoja.

Nilicheka. Nikacheka peke yangu dukani, kicheko kibaya, hadi nikakumbuka mahali nilipokuwa nimeuona ukurasa ule.

Ulikuwa kwenye simu yangu.

Mwaka huu ni wa tohara kwa Wabukusu, watu wa kina Wekesa, na Agosti yote ni ngoma na ng'ombe. Kijana mwenyewe ndiye hukimbia na kengele mikononi akiwaalika wajomba na mashangazi, boma kwa boma. Mtoto wa Bwana Wekesa alikimbia, maskini, vumbi hadi magotini. Sisi watu wa ofisini tulialikwa kwa PDF. Nikafungua simu na kuitafuta, nikaipata, imepinda kushoto, ina mstari mweusi. Ilinifikia wiki tano zilizopita nikajibu "Hongera sana Mwalimu". Halafu nilienda. Nilikaa chini ya turubai safu ya mbele, nikala nyama ya Wekesa, nikaomba niongezewe mchuzi.

Kadi peke yake haikutosha, hilo nililijua. Angeweza kusema alimpa karani amskanie. Kwa hiyo nikafanya kile kingine nilichopaswa kufanya mwezi wa saba. Kila kompyuta ikiingia mtandaoni hujitangaza kwa jina lake, kama mgeni anayebisha hodi. Nikatafuta nani alikuwa anajitangaza kwa arobaini na saba siku ile. Ilikuwa laptop, na jina lake lilikuwa Wekesa. Aliipa jina lake mwenyewe siku aliyoinunua. Jumatano, siku moja kabla, stima ilipotea Bungoma kutwa nzima. Iliporudi, ruta iligawa anwani upya kwa kila aliyewasha. Ya Everlyne ikamwangukia Wekesa. Daftari langu la mwaka jana halikuwa na maana yoyote tangu siku hiyo, na mimi ndiye niliyeipanga ruta ile igawe anwani hivyo.

Jana asubuhi nilikwenda Bungoma kwa Probox, gari la kaka yangu.

Ofisi ya Madam Principal ina kapeti, na pazia za rangi ya zambarau. Bwana Wekesa aliitwa. Niliweka laptop yangu mezani, nikawafungulia kurasa sita, kisha wa saba. Madam Principal alivaa miwani. Bwana Wekesa aliitazama kadi ya mtoto wake kama mtu aliyekutana na shemeji mahali pabaya.

"Hiyo kadi si niripea Everlyne aniskanie," alisema. "Watu wote hapa wanapeanga Everlyne."

Nikawaonyesha jina la laptop.

"Hiyo raptop inatumiwa na watu wengi, bana."

"Wakina nani, Mwalimu?" Madam Principal akauliza.

Mwishowe akasema ni kwa ajili ya mtoto wa dada yake anayesoma hapo, somo hilo lilikuwa linamsumbua, na yeye ndiye mjomba, angefanya nini. Alilisema kwa sauti ya mtu anayestahili kuhurumiwa. Sikumhurumia. Mjomba anaweza kumkalisha mtoto chini akamfundisha. Huyu ana shahada mbili na ofisi yenye dirisha, na alichoweza kumpa mpwa wake ni karatasi ya wizi. Kisha akakaa kwenye kamati, akamtazama Everlyne machoni, akaongea juu ya malezi.

Nilidhani Madam Principal atapiga meza. Aliifuta miwani yake.

"Wambui, hii maneno tuimalize hapa ndani," alisema. "Everlyne atarudi Jumatatu. Mwalimu ataomba kupumzishwa majukumu ya mitihani. Wewe tuandikie tu barua ingine, useme uchunguzi zaidi umefanywa. Halafu ugonge muhuri."

Uchunguzi zaidi! Kana kwamba uchunguzi ni mvua, unaongezeka wenyewe. Nilimwambia nitaandika barua, lakini nitaandika yangu. Nikaomba karatasi nyeupe, nikaandika kwa kalamu, mbele yao, kwamba nilikosea, kwamba sikuifungua faili kabla ya kumtaja mtu, na kwamba aliyeichukua si Everlyne bali ni mwenye laptop iliyotajwa hapo chini. Niliambatisha kurasa zote saba.

Madam Principal akaigeuza nyuma na mbele.

"Muhuri uko wapi?"

"Isome kwanza, Madam."

Akaisoma. Nilisubiri hadi midomo yake ilipoacha kuchezacheza. Kisha nikasema barua hiyo iende kwenye faili ya Everlyne na ubao wa matangazo, mahali pale pale walipobandika jina la Sharon. Nikiona imekosa kubandikwa kufikia Ijumaa, nakala ninayo, na wajumbe wa bodi ya chuo nawajua kwa majina. Sikuwahi kuongea hivyo na mteja. Pengine nimepoteza kazi ya chuo hicho, na leo sioni kama ni hasara.

Ningetaka kusimulia hadi hapo tu. Ningeonekana shujaa.

Wakati wa kurudi nilipita Bokoli, kwa Everlyne. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi, turubai limetandazwa, kuku wanafukuzwa na kurudi. Nilimwamkia, nikamwita Mama Sharon, akaniletea kiti cha plastiki na akakipangusa kwa leso. Nikaomba samahani kabla sijakaa. Alisema tu, "Nionyeshe."

Alizitazama kurasa moja moja, mikono akiwa ameifunga nyuma ili vumbi la mahindi lisiingie kwenye kompyuta yangu. Mtihani ule aliupitia taratibu, kwa sababu kweli alikuwa hajawahi kuuona. Alipofika wa saba akaguna.

"Hii kadi hata mimi nilitumiwa," alisema. "Siku nne baada ya kunisimamisha. Nikasema si labda ananihurumia, ndio ananikumbuka."

Wekesa hakuwa anamhurumia. Alibonyeza majina yote ya simu yake kwa pamoja, jina la Everlyne likiwa humo. Sikumwambia hivyo, lakini uso wake ulionyesha ameshaelewa.

Kisha akaniuliza lile swali. Aliliuliza bila ukali, na afadhali angepiga kelele.

"Madam, hii file uko nayo tangu lini?"

Nikamwambia tangu siku ile ile.

"Na kuifungua inachukua siku ngapi?"

Nilifikiria kudanganya. Nakiri hapa, niliwaza kusema siku tatu, niseme ni kazi ngumu, inataka programu maalumu, inataka utulivu. Watu huamini chochote ninachowaambia juu ya kompyuta, na ndivyo tulivyofika hapa.

"Dakika kumi na mbili," nilisema.

Akatikisa kichwa mara kadhaa, polepole, akaokota gunzi alilokuwa ameliacha. Akasema chai iko tayari, ninywe kabla ya mvua. Nilikunywa.

Yeye atarudi kazini Jumatatu, alisema, kwa sababu hana mahali pengine pa kwenda na miaka kumi na moja si kitu cha kuachia Wekesa. Kwaya ya kanisa walimwondoa kuongoza, watajua wenyewe cha kufanya. Lakini Sharon hayuko nyumbani. Siku walipobandika jina lake ubaoni alifunga nguo zake, akapanda mlimani Kapsokwony kwa shangazi yake, na sasa anauza kwenye duka la vifaa vya pikipiki. Amekataa kurudi chuo. Amekataa kuzungumza na mama yake pia.

"Anaamini niliiba," Everlyne alisema. "Aliniambia, mama, barua iko na muhuri."

Basi huyo mwenye muhuri ndiye mtu niliyesema nitamfikia. Wekesa ni mwizi, na mwizi angalau ana sababu, hata ikiwa ya kijinga. Kamati ni wavivu. Lakini mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nayo faili mkononi na nikijua jinsi ya kuifungua, nikaona ni afadhali niwahi Malakisi. Msichana wa miaka ishirini aliuamini muhuri wangu kuliko mama yake mzazi. Nimeutoa kwenye mkoba leo asubuhi na kuuweka mezani, kitu kidogo tu, mpira na mbao, wino umekauka pembeni. Sijui nitaufanya nini.

Mvua bado inanyesha na barabara ya Kapsokwony itakuwa tope. Nimeshaongea na mtu wa pikipiki anayeijua milima ile, tutaondoka kesho saa mbili asubuhi. Nimechapisha kurasa zote saba na nakala ya barua ya mkono.

Tangu jana najaribu kupanga nitakavyoanza. Nimejaribu kuanza na Wekesa, nimejaribu kuanza na stima iliyopotea, nimejaribu hata kuanza na kadi ile ili acheke. Kila mara najikuta najificha nyuma ya kitu. Itabidi nianze hivi, nikiwa nimesimama mbele ya kaunta ya duka, kabla hajaniuliza nataka kununua nini: Sharon, ile barua niliiandika mimi, na sikuwa nimetazama.